Kwato Safi za Tefra

Ulikuwa mwaka wa michezo mikuu. Hapana, nimekosea hata kabla sijaanza. Mwaka wa michezo hakuna mtu wa kwetu Elisi mwenye farasi anayepata nafasi ya kumvusha jike mtoni; kila mwenye mikono huwa amekwisha kuitwa kufyeka viwanja na kupokea wageni. Basi ulikuwa mwaka uliofuata, majira ya kuchipua, kitani mashambani hakijafika magotini. Huo ndio mwaka Deinia alipougua nyongo, macho yakamgeuka manjano kama kiini cha yai, na farasi wake akavushwa na mtu mwingine. Yote yaliyompata baadaye yalitoka hapo.

Deinia alikuwa mfugaji wa nyumbu, kama baba yake. Kazi hiyo kwetu ina mwiko wake. Katika nchi ya Elisi punda hampandi farasi. Mfalme mmoja wa zamani aliyewapenda mno farasi wake alilaani jambo hilo, na laana haikufa naye. Anayetaka nyumbu humwongoza jike wake mwendo wa siku nzima hadi mto Lariso, ulio mpaka wetu na watu wa Akaya, huvuka, humkutanisha na punda dume upande ule, kisha hurudi naye na mimba yake. Mbegu ikiingia ng'ambo, ni sawa. Ikiingia upande huu, wengine husema mashamba hukauka, wengine husema wanawake huharibu mimba. Hakuna aliyewahi kujaribu ili tujue.

Ndiyo sababu mtoto wa nyumbu akizaliwa, mwenye mnyama husimama juu ya vipande vya nyama ya nguruwe aliyechinjwa, mbele ya mungu Zeu, Mlinzi wa Viapo, akaapa kwamba anajua mbegu iliingia upande gani. Deinia alikwisha kuapa mara tisa, na mara zote tisa alikuwa amevuka mwenyewe, ameshika kamba kwa mkono wake. Hakumwamini mtu mwingine kwa kamba ile.

Maana alikuwa mtu wa kushuku tangu alipoachishwa ziwa. Akiambiwa mkate umeiva, anauvunja. Akiambiwa kumekucha, anatoka nje kuhakikisha. Siku ya harusi yake alifunua shela ya bibi harusi, akaangalia, akafunika, kisha akafunua tena. Mkewe, Timareta, aliisimulia hadithi hiyo miaka na miaka mbele ya wageni, na wageni walicheka, naye Deinia alicheka pia huku akiwatazama nani anacheka kupita kiasi.

Mtu wa namna hiyo alipoyasikia mafundisho ya mjini kwetu, alidhani amefika nyumbani. Alikuwako mwalimu mmoja, marehemu siku hizo, ambaye mji ulimheshimu hata ukawasamehe kodi watu wa hekima kwa ajili yake. Katika waliomsikiliza alibaki Klearisto, mzee muuza tini, mwenye kikapu chake karibu na uwanja wa mazoezi. Ukinunua tini kwake unapata na maneno. Asali, atakwambia, ni tamu kwangu na chungu kwa mgonjwa. Katika sisi wawili, nani shahidi wa asali? Kasia likiwa majini limepinda, likitolewa limenyooka. Nani ameliona kasia lenyewe? Kila neno lina neno la kulijibu, lenye uzito uleule. Kwa hiyo tusikate neno. Tuseme tu linavyotuonekania, tufuate desturi za kwetu, tule tini. Mwenye kuacha kukata neno, utulivu humfuata kama kivuli.

Deinia alilipenda lile la kasia. Alilipenda la asali. Lile la utulivu halikumkaa, kama vile mtu anayekula nyama na kuacha mchuzi. Alikwenda kukaa penye kikapu kila alipokuja mjini, na majirani wakamtania kwamba amejifanya mwanafunzi wa hekima ili asamehewe kodi. Yeye akawajibu kwamba huenda ni kweli na huenda si kweli. Wakacheka zaidi. Akaenda nyumbani akiwa na jina zuri la ugonjwa wake wa siku zote.

Sasa nyongo. Ilimshika mapema mwaka ule. Mwili ulimwasha, hasa nyayo, hata akazikuna kwa kigae mpaka zikatoka damu. Asali ilikuwa chungu kinywani mwake. Alimwambia Timareta hivyo kwa furaha kidogo, kama mtu aliyemwona kwa macho mnyama aliyekuwa akimsikia tu. Aliyemuuguza zaidi alikuwa shemeji yake, Mnasea, mdogo wake Timareta. Mnasea alikuwa mtu wa kuimba ovyo, mchelewaji, mwenye kusahau kofia yake nyumba za watu. Lakini kila asubuhi alikuja na beseni la maji ya vuguvugu yenye majani yanukiayo ya rangi ya zambarau kutoka kilimani, akakaa chini, akaiosha miguu ile iliyochubuka, kidole kwa kidole. Siku arobaini.

Katikati ya siku hizo ilikuja zamu ya Tefra. Tefra alikuwa jike wa rangi ya majivu, mpole, bora kuliko wote aliokuwa nao. Siku za joto lake haziwezi kungoja macho ya mtu yawe meupe. Deinia alijaribu kusimama, akaanguka mlangoni. Basi Mnasea akaichukua kamba.

Alirudi siku ya tatu, mchana. Deinia alikuwa amejikokota hadi kizingitini akaketi, mgongo ukiegemea mlango, kumngoja. Hakutazama uso wa shemeji yake wala hakuuliza habari za safari. Alitazama kwato.

Kuna tope jekundu kule kwenye kivuko cha Lariso, ukingo wa ng'ambo. Hung'ang'ania kati ya ukwato na nywele, hukauka kama lami, na hata baada ya siku nne bado utaliona. Mara zote tisa Deinia alirudi nalo. Kwato za Tefra siku ile zilikuwa safi kama bakuli za wageni.

"Umemwosha?" aliuliza.

"Nimemwosha."

"Kwa nini?"

Mnasea alicheka, akamfunga Tefra kivulini. "Shemeji, wewe pona kwanza," alisema, akaenda kuchota maji ya kumwosha miguu.

Hilo si jibu. Deinia alilala nalo. Kisha akajiambia kwamba macho yake ni ya manjano, na mwenye macho ya manjano huona manjano kila mahali. Labda tope lilikuwapo, ila yeye hakuona wekundu wake. Lakini Mnasea mwenyewe amekiri kuosha. Kwa nini mtu aoshe? Ambaye hakuvuka angeosha ili isijulikane kwamba hapakuwa na tope. Ila ambaye hakuvuka hana tope la kuosha. Alizunguka na mawazo hayo kama punda wa kusaga, na nyongo ilipokwisha, mawazo yalibaki.

Kiangazi kilipita. Timareta alikuwa akisafisha kitani pamoja na wanawake wengine, na mmoja wao, mjane wa karibu na mto aliyekuja kwa kazi hiyo, akasema kwa kupitisha muda tu kwamba majira ya kuchipua aliona punda dume amefungwa kwenye mti upande huu wa Lariso. Wa nani? Hajui. Siku gani? Maji yalikuwa mengi, alisema. Mwingine akasema maji mwaka ule hayakuwa mengi hata kidogo, yeye alivuka na mtoto mgongoni. Wakabishana kidogo, wakaendelea na kitani. Timareta alirudi na habari hiyo akanyamaza nayo siku mbili, ila habari yenyewe haikunyamaza. Ilimfikia Deinia kwa mlango mwingine, na ilipomfikia ilikuwa imenenepa.

Tefra alizaa majira ya kuchipua yaliyofuata. Mtoto alikuwa dume, masikio marefu kuliko uso, miguu kama vijiti vya kuchezea, na doa jeupe puani mithili ya unga. Mnasea ndiye aliyekuwa zizini mtoto alipozaliwa. Alimpangusa kwa majani makavu, akamwimbia. Siku ya pili mtoto alikuwa akimfuata Mnasea badala ya mama yake.

Mzee wa kiapo alipeleka ujumbe: baada ya siku tano, aje aape. Na kila mtu alijua sheria. Mwenye mnyama asipoapa, mtoto na mama yake hufukuzwa ng'ambo ya mto kabla jua la siku ya pili halijazama, wasirudi kamwe. Aliyeshika kamba hafanywi kitu. Ila jina humkaa la mtu aliyeiletea nchi laana, na kwetu jina hilo haliogeki.

Deinia alimwita Mnasea zizini.

"Niambie tu, ulivuka?"

"Nilivuka."

"Mpaka ng'ambo?"

"Shemeji, kuvuka ndiko huko. Kuna kuvuka nusu?"

"Utaapa?"

"Hata sasa hivi. Lete nguruwe. Lakini wanakutaka wewe, si mimi. Mnyama ni wako."

Deinia alimtazama mikono. "Mwongo naye huapa," alisema mwishowe.

Mnasea hakukasirika mara moja. Alikuwa akimkuna mtoto wa nyumbu shingoni, na aliendelea kumkuna. "Haya," alisema. "Na mkweli je? Akishasema, akishaapa, kumebaki nini cha kufanya?"

Jioni, Timareta alimwandalia mumewe dengu na mkate. Deinia hakuuvunja mkate. Mkewe aliliona hilo, akajua mambo ni mabaya. Akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba Mnasea alipoteza mama yao akiwa mdogo, na kwamba hana mahali pengine pa kuketi duniani ila kwenye ukingo wa meko haya. Deinia akasema anajua. Timareta akasema, "Alikuosha miguu siku arobaini, baba. Mbona hilo hukumwuliza kwa nini?"

Kesho yake alikwenda mjini kwa Klearisto. Mzee alikuwa akipanga tini, zilizopasuka chini, nzima juu. Deinia alimweleza yote, toka nyongo hadi mjane wa mtoni, akamwomba amwambie kama Mnasea ni mwongo.

"Unaona kwamba hakuvuka?" aliuliza Klearisto.

"Naona hivyo."

"Na ukilishika upande wa pili, unaona kwamba huenda alivuka?"

"Hilo nalo naliona."

"Hoja zinalingana basi. Ziweke chini upumzike."

"Nipumzikeje, mzee, na keshokutwa nasimama juu ya nyama?"

Klearisto alimpa tini, naye akaipokea, akaigeuza kutafuta funza. Mzee alimtazama akifanya hivyo. Alisema kwa upole kwamba wamekaa penye kikapu kimoja miaka kumi na moja, na sasa ndipo anaona hawakuwa shule moja. Yeye hajui kama Mnasea alivuka, na pia hajui kama Mnasea ni mwongo. "Wewe la kwanza hulijui," alisema, "lakini la pili unalijua tayari. Hiyo si shaka, mwanangu. Hiyo ni hukumu inayongoja shahidi." Kisha akamshauri afuate desturi kama wanavyofuata wote: kwetu mtu humwapia wa nyumbani mwake. Asiape kwamba anajua nyota zimetundikwa na nini; aape kama mtu wa Elisi anavyoapa, arudi akale.

Ungedhani hapo angetulia. Lakini Deinia alipoinuka aliona, nyuma ya kikapu cha mzee, kofia ya Mnasea, ile anayoisahau kila mahali. Njia nzima alijiuliza ilifika lini pale, na waliongea nini.

Siku ya kiapo watu walijaa. Kiapo cha nyumbu kwa kawaida hakina watazamaji, mwenye mnyama na mzee na mbwa wawili wanaongojea nyama, basi. Siku hiyo walikuja hata wasio na punda. Mnasea alisimama kando, mkono juu ya shingo ya mtoto, Tefra nyuma yao akila nyasi za madhabahuni bila haya. Timareta alisimama na wanawake.

Deinia alivua viatu, akapanda juu ya vipande vya nyama. Vilikuwa baridi na vya utelezi. Mzee wa kiapo alimwagia maji mikono, akanyunyiza shayiri, akasema maneno ili ayafuatishe: ninajua, na Zeu anajua, mbegu ya mnyama huyu iliingia ng'ambo ya Lariso.

Deinia alisema, "Inanionekania kwamba huenda mbegu ya mnyama huyu..."

Watu walianza kuguna. Mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Sema ndiyo au ushuke, nyama inaoza." Mwingine akasema mwacheni, anatafuta msamaha wa kodi. Kicheko kikapita, kikaisha.

"Deinia," alisema mzee wa kiapo, naye alikuwa mtu mwema, "Zeu hakuulizi inakuonekania vipi. Anakuuliza unajua nini."

Hapo alimtazama Mnasea. Wengi walisema baadaye kwamba alitazama kwa muda mrefu hata mtu angeweza kushona kiatu. Neno lilikuwa jepesi. Alikuwa amelisema mara tisa, na pengine katika hizo tisa hakujua zaidi ya vile alivyojua siku ile. Timareta aliona kidevu chake kikisogea, akadhani linakuja.

"Sijui," alisema Deinia.

Alishuka kwenye nyama. Mbwa wakaisogelea.

Hakuna aliyemwita Mnasea mwongo. Walimpisha tu njia, pana kuliko anavyohitaji mtu mmoja. Mzee alipouliza nani atawavusha wanyama, wakatazamana, maana hakuna aliyetaka kuishika kamba ile. Mnasea akasema aliyewavusha mara ya kwanza ndiye awavushe na ya pili. Watu wawili watatu walicheka wakidhani ni mzaha. Dada yake akaenda nyumbani, akamfungia mkate na zeituni na shuka nzito, akampa, wala hakumwambia lini arudi, kwa sababu alikwisha kuelewa kwamba shuka nzito si ya safari ya siku moja.

Waliondoka alfajiri. Deinia akawafuata kwa mbali, kama mtu mwenye shughuli zake upande ule. Mnasea hakugeuka, wala hakuimba. Mtoto wa nyumbu ndiye aliyegeuka mara kwa mara, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kipya kwake, hata mtu anayewafuata.

Walifika Lariso jua likiwa bado juu ya miti. Maji yalifika magoti tu. Mnasea alimbeba mtoto mabegani, akavuka, Tefra akamfuata, akapanda ukingo wa ng'ambo akiteleza, na Deinia akaona, kwa macho meupe safari hii, tope jekundu likimpanda hadi juu ya kwato zote nne. Moyo ukamruka. Ndivyo lilivyo, kila avukaye hulibeba. Akapiga hatua moja mbele aone vizuri, na mguu ukazama. Alipouinua, kiatu chake kilikuwa chekundu. Maji yalikuwa yameula ukingo wa kwetu, na chini ya nyasi palikuwa na udongo uleule. Ulikuwa hivyo mwaka jana? Au maji yameufunua mwaka huu? Alijaribu kukumbuka mara zote tisa, akagundua kwamba hakuwahi kutazama chini upande huu. Alikuwa akitazama kamba.

Akamwita Mnasea kwa jina. Mnasea akasimama.

"Kwato," alisema Deinia, maji yakiwa kati yao. "Niambie tu kwa nini uliziosha."

Mnasea alimtazama kidogo. Huenda alisikia, huenda maji yalimzidi. Akaweka mzigo chini. Akachota maji kwa kofia yake, akapiga goti, akaushika mguu wa kwanza wa Tefra, akauosha, kidole kikipita taratibu kati ya ukwato na nywele. Kisha wa pili. Akaosha yote minne, hata zile kwato ndogo za mtoto ambazo hazikugusa tope. Akavaa kofia ikiwa imelowa, akaichukua kamba, wakapotea kwenye matete.

Hakurudi. Mara mtu alisema amemwona huko Dime, mji wa Akaya, akifanya kazi kwa mwenye punda, mara mtu alisema si yeye. Mashamba yetu hayakukauka, wala hayakuzaa kupita kawaida. Deinia aliuza majike waliobaki, akalima kitani mpaka uzeeni, na akiambiwa mkate umeiva alikula. Kwa Klearisto alikwenda mara moja tu, akamkuta mzee amelala kando ya kikapu, uso mtulivu, akaondoka bila kumwamsha. Timareta alimpikia, alimfulia, alimzika kwa heshima zote. Ila lile swali alipoulizwa na mumewe, na aliulizwa miaka mingi, mezani na mashambani na siku mbili kabla mume hajafa, aliinuka kila mara akaenda kutafuta kazi nyingine.

Kama alivuka, aliziosha kwa nini? Na kama hakuvuka, mbona kule ng'ambo aliziosha tena?